Kidonge cha Milioni Sitini na Mgonjwa wa Mata

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 340,671 katika kaunti ya Taita Taveta. Ugonjwa ninaouandikia leo hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya watu 50,000, na hauchagui rangi wala bara. Ukigawa, utaona kwamba kaunti nzima, kuanzia Kasigau hadi mpakani Taveta, ingetarajiwa kuwa na wagonjwa 6 au 7. Lakini magonjwa ya kurithi hayagawiwi kama mahindi ya msaada, kila boma na kibaba chake. Huenda Wundanyi yote isiwe na hata mmoja, na boma moja la Mata, upande wa Ziwa Jipe, likawa na wanne: nyanya, mabinti zake wawili na mjukuu wa kiume.

Ugonjwa huo huitwa angioedema ya kurithi. Mwenye nao hufura bila kuumwa na nyuki na bila kula kitu kilichomdhuru. Leo ni kiganja, mwezi ujao ni unyayo, mdomo au sehemu za siri. Uvimbe hauwashi na hauna vipele. Hupanda polepole kwa saa 12 hadi 24, hukaa siku 2 hadi 5, kisha hujiondokea kama ulivyokuja. Ukiingia kwenye utumbo, mtu wa nje haoni kitu. Mgonjwa hujikunja kwa maumivu, hutapika, na wapo waliopasuliwa tumbo ili kutolewa kidole tumbo ambacho hakikuwa na kosa lolote. Ukiingia kooni, huziba njia ya hewa.

Mwaka 2012 Konrad Bork na wenzake wa Ujerumani walichapisha uchunguzi wa familia 182 zenye ugonjwa huu. Kati ya wagonjwa 728 waliofuatiliwa, 214 walikuwa wamekwisha kufariki, na 70 kati ya hao walikufa kwa kukosa hewa. Katika hao 70, 63 hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Namba hiyo ya mwisho naomba msomaji aiweke karibu tunapoingia kwenye habari za vidonge na bei zake, maana hiyo ilikuwa Ujerumani, nchi yenye madaktari na dawa. Wengi wa waliokufa walikufa kwa sababu ugonjwa wao haukuwa na jina kwenye faili.

Katika vijiji vyetu ugonjwa unaorudi nyumba moja haukosi maelezo. Mmoja atasema ni laana ya babu aliyemdhulumu nduguye shamba, mwingine atataja jini, mwingine kijicho cha jirani. Sina haja ya kuwacheka. Mtu anayesema "ugonjwa huo ni wa nyumba ile" ameona kwa macho yake jambo ambalo tabibu William Osler aliliandika huko Philadelphia mwaka 1888, alipoeleza familia moja iliyofura kwa vizazi 5. Amekosea kumtaja mwenye kuuleta, ila njia unayopitia ameijua. Jeni yenye kasoro, SERPING1, iko kwenye kromosomu ya 11, na nakala moja tu iliyoharibika, iwe ya baba au ya mama, inatosha. Kila mtoto wa mgonjwa, wa kiume au wa kike, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Kwa hiyo hadithi ya laana ni ushahidi wa kitabibu, mradi apatikane wa kuusikiliza. Tangu Septemba 2023 serikali ilipowatuma wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, kila mmoja na mkoba wa vifaa, tuna watu wanaoingia maboma na kupima presha kando ya jiko. Vifaa vya mkoba huo havitambui angioedema, lakini masikio yao yanaweza. Wakisikia neno "laana" likifuatana na neno "kufura", au wakiambiwa kwamba shangazi alikufa ghafla kooni siku moja baada ya kung'olewa jino, waandike na wapeleke juu. Nahadharisha upande wa pili pia: takriban robo ya wagonjwa hawana mzazi mwenye ugonjwa, kasoro imeanzia kwao. Kukosa historia ya ukoo hakumwondolei mtu shaka.

Sasa tuingie ndani ya damu, kwani hapa ndipo kosa la kila siku la zahanati zetu linapoanzia. Mwaka 1963 Virginia Donaldson na Richard Evans walionyesha kwamba wagonjwa hawa wanapungukiwa na protini iitwayo kizuizi cha C1. Kazi moja ya protini hiyo ni kuidhibiti kalikreini, kimeng'enya kinachokata protini nyingine ya damu na kutoa chembe ndogo iitwayo bradikinini. Bradikinini hulegeza kuta za mishipa midogo, na maji ya damu huvujia kwenye nyama. Mtu mwenye kizuizi cha kutosha hupatwa na kishindo kidogo, tuseme jino kung'olewa, na mwili huzima moto mapema. Asiye nacho, bradikinini humwagika bila wa kuizuia.

Histamini haimo katika mnyororo huo hata kidogo. Ndiyo maana piritoni haifai, haidrokotisoni haifai, na adrenalini haileti nafuu ya kutegemewa. Lakini zahanati ina hizo tatu, na mgonjwa aliyefura akifika hupewa hizo tatu. Siku ya tatu uvimbe unashuka kwa sababu ulikuwa ushuke tu, na sifa inakwenda kwa sindano. Kwenye daftari huandikwa "aleji". Mgonjwa anarudi kijijini akiamini ana mzio wa omena, au wa maharagwe, na anaacha kula chakula kizuri kwa miaka mingi bila faida yoyote.

Kipimo cha kuanzia si cha ajabu. Ni kiwango cha protini ya C4 kwenye damu, ambacho kwa wagonjwa wengi huwa chini hata siku ambazo hawajavimba. Zahanati ya Mata haikifanyi, ila sampuli inaweza kusafirishwa hadi maabara kubwa. C4 ikiwa chini, hupimwa kizuizi cha C1 chenyewe, wingi wake na pia utendaji wake. Hilo la utendaji wengi hulisahau. Karibu asilimia 85 ya wagonjwa wana kizuizi kichache, lakini karibu asilimia 15 wana wingi wa kawaida wa protini isiyofanya kazi. Ukipima wingi peke yake, hao utawaambia ni wazima. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja apimwe tena baadaye, maana majibu ya umri huo hayaaminiki.

Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya kidonge yana maana.

Tarehe 3 Desemba 2020 Marekani iliidhinisha berotralstati, inayouzwa kwa jina la Orladeyo na kampuni ya BioCryst, kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Ni kidonge kimoja cha miligramu 150 kwa siku, kinachomezwa pamoja na chakula. Kinakwenda moja kwa moja kwenye kalikreini na kuishika isikate. Kabla yake, kinga mpya zote zilikuwa za sindano. Lanadelumabu, iliyoidhinishwa 2018, inataka friji ya nyuzi 2 hadi 8, na mtu anayejua umeme wa vijijini Taveta unavyokatika atanielewa nikisema kwamba kidonge kinachokaa kabatini ni hatua kubwa kuliko inavyosikika London.

Je, kinafanya kazi kiasi gani? Katika jaribio kuu lililoitwa APeX-2, watu 121 walifuatiliwa kwa wiki 24. Waliopewa kidonge bandia walipata wastani wa mashambulizi 2.35 kwa mwezi. Waliopewa miligramu 150 walipata 1.31. Hiyo ni pungufu ya asilimia 44. Kwa kulinganisha, lanadelumabu ilipunguza kwa asilimia 87 katika jaribio lake, ingawa majaribio mawili tofauti hayapimwi kwa mizani moja. Anayeishia kwenye wastani atasema kidonge ni dhaifu. Mimi nasoma tofauti. Nusu ya waliokimeza walipunguziwa mashambulizi kwa asilimia 70 au zaidi, maana yake wengine walipata kidogo sana au hawakupata kitu. Ni dawa inayowafaa sana baadhi na kuwapita wengine, na hakuna ajuaye atakuwa wa kundi gani hadi ajaribu. Uingereza ilielewa hivyo: Oktoba 2021 taasisi yake ya NICE ilikubali kidonge hiki kwa wenye mashambulizi angalau 2 kwa mwezi, na ikaagiza kisitishwe ikiwa baada ya miezi 3 hayajapungua kwa nusu. Kanuni hiyo ya miezi mitatu naipenda kuliko utafiti wenyewe, na inafaa kutumiwa kwa kila kidonge cha kinga, kipya au cha zamani.

Madhara yake ni ya tumbo zaidi, yaani maumivu, kuhara na kutapika, hasa mwanzoni. Kipimo kisizidi miligramu 150, kwa sababu dozi kubwa huchelewesha umeme wa moyo. Na hapa naongeza la kwetu, ambalo mgonjwa wa Ulaya hana haja nalo: Taveta ni nchi ya malaria, na dawa yetu ya kwanza ya malaria, ile ya artemetha na lumefantrini, nayo huugusa umeme huo wa moyo na huvunjwa ini kwa njia zinazokutana na za berotralstati. Sisemi zisichanganywe kabisa. Nasema daktari atakayekuwa wa kwanza kuandika kidonge hiki huku afikirie malaria kabla, asingoje homa ianze.

Lakini nani ataandika? Bei iliyotangazwa Marekani kilipotoka ilikuwa karibu dola 485,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku hizi ni zaidi ya shilingi milioni 60. Kwa mgonjwa mmoja. Kila mwaka. Bei hiyo ina historia yake. Januari 1983 Marekani ilipitisha sheria ya dawa za magonjwa yatima, inayompa mtengenezaji miaka 7 ya kuuza peke yake dawa ya ugonjwa wenye wagonjwa chini ya 200,000 nchini humo. Bila sheria hiyo huenda berotralstati isingezaliwa, kwani ni kampuni chache zilizokuwa zikijisumbua na watu wachache namna hii. Pamoja na sheria hiyo, dawa imezaliwa ikiwa na bei ambayo mkulima wa ndizi wa Mata na mamlaka ya bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, wataitazama kwa macho yale yale.

Hapa ndipo naachana na wenzangu wanaodhani habari imekwisha. Mwongozo wa kimataifa wa 2021, ule wa shirika la mzio duniani na wenzao wa Ulaya, uliweka dawa tatu mstari wa mbele kwa kinga ya muda mrefu: kizuizi cha C1 kilichochujwa kutoka damu ya binadamu, lanadelumabu na berotralstati. Danazoli, kidonge cha zamani, ilishushwa mstari wa pili. Msomaji wa haraka wa Kenya huona mstari wa kwanza hauwezekani, huona wa pili umekemewa, na hufunga kitabu. Mgonjwa anaondoka bila chochote. Huko ni kuusoma mwongozo vibaya. Waandishi wake waliishusha danazoli kwa ajili ya mahali penye kitu bora, na hawakuizuia kwa mahali pasipo na kitu.

Tazama ushahidi wake. Mwaka 1976 Jeffrey Gelfand na wenzake walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 9, kila mmoja akipokezana vipindi vya danazoli na vipindi vya kidonge bandia bila kujua yupo kwenye kipi. Katika vipindi 47 vya kidonge bandia, 44 viliingiwa na shambulio. Katika vipindi 46 vya danazoli, ni 1 tu. Kwa zaidi ya miaka 40 hatujaona kidonge kingine chenye matokeo ya wazi kiasi hicho. Dawa hii hulisukuma ini litengeneze kizuizi cha C1 kwa wingi zaidi kutoka kwenye ile nakala moja nzima ya jeni, na ina bei ya kibinadamu.

Ubaya wake unatokana na asili yake: ni ndugu wa homoni za kiume. Mwanamke anaweza kuota nywele usoni, kukatika hedhi, kunenepa, na sauti kuwa nzito, na sauti hiyo huenda isirudi. Mafuta ya damu huharibika, presha hupanda, na baada ya miaka mingi ini linaweza kuota uvimbe. Mjamzito asiiguse, kwani humdhuru mtoto wa kike aliye tumboni. Anayenyonyesha asiiguse. Mtoto ambaye hajabalehe asiiguse. Wale mabinti wawili wa boma letu la kufikirika, wenye umri wa kuzaa, hawapewi danazoli bila mazungumzo marefu na njia ya uhakika ya kupanga uzazi. Nyanya yao anaweza kupewa kwa urahisi zaidi.

Na anayepewa apewe kwa masharti. Miligramu 200 kwa siku iwe dari, kisha dozi ishushwe taratibu hadi ile ndogo kabisa inayomtosha. Wapo wanaoishi vizuri kwa kidonge kimoja, siku moja kumeza na siku moja kuacha. Kila miezi 6 apimwe ini, mafuta, damu na presha. Kila mwaka, ikiwezekana mara mbili, ini lipigwe picha ya ultrasaundi. Hayo yote hayahitaji Nairobi. Hospitali ya Taveta ikishirikiana na Hospitali ya Rufaa ya Moi iliyoko Voi zinaweza kuyabeba, na ningeshauri kliniki hiyo ipangwe Jumatano au Jumamosi, siku za soko la Taveta, kwa sababu nauli ya siku ya soko ina kazi mbili. Mgonjwa aliyesahauliwa kwenye danazoli kwa miaka 10 bila kipimo ni kashfa. Anayefuatiliwa ni mtu anayefanya kazi yake shambani.

Kidonge cha tatu kila mkunga anakijua kwa kazi nyingine. Asidi ya traneksamiki ilibuniwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, na mwaka 2017 jaribio la WOMAN, la akina mama 20,060, lilithibitisha kwamba inapunguza vifo vya kutokwa damu baada ya kujifungua. Iko kwenye rafu zetu. Kwa uvimbe wa kurithi nguvu yake ni ndogo, na wengi haiwasaidii. Inataka vidonge kadhaa kwa siku, na aliyewahi kuganda damu miguuni au mapafuni hapaswi kupewa. Hata hivyo haina uanaume wa danazoli, na ndiyo maana hutafutwa kwa watoto na wasichana pale ambapo hakuna kingine. Ningeijaribu kwa mjukuu yule kwa miezi mitatu, nikiwa na kalenda ya mashambulizi ukutani, na ningeiacha bila huzuni kama kalenda haikubadilika.

Kabla ya hivyo vyote vitatu kuna kinga isiyouzwa kabisa: kuacha vidonge vinavyochokoza. Mgonjwa huyu asipewe enalaprili, kaptoprili wala lisinoprili, dawa za presha tunazozigawa kila siku. Dawa hizo huzuia kimeng'enya ambacho, pamoja na kazi zake nyingine, huivunja bradikinini. Kwa hiyo aliye na bradikinini ya kumwagika huzidishiwa. Na zinaweza kumvimbisha hata mtu asiye na kasoro yoyote ya kurithi. Watu weusi wamo katika hatari kubwa zaidi kuliko wazungu, na uvimbe unaweza kujitokeza miezi au hata miaka baada ya kuanza dawa. Mzee wa miaka 65 anayefura ulimi kwa mara ya kwanza Mata aulizwe kwanza anameza nini cha presha, kabla hatujaanza kuchora mti wa ukoo. Amlodipini ipo.

La pili ni estrojeni. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili vinaweza kumgeuza msichana mwenye shambulio moja kwa mwaka kuwa na shambulio kila wiki mbili. Sindano ya miezi mitatu, vipandikizi vya mkononi na vidonge vya homoni moja havina estrojeni, na zahanati zetu zinavyo. Ni badiliko la dakika tano mezani kwa muuguzi. Sijui kinga nyingine katika ugonjwa huu inayoleta faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Sasa neno ambalo watangazaji wa vidonge hulisema kwa sauti ndogo. Kidonge cha kila siku, cha milioni sitini au cha zamani, hupunguza mashambulizi. Hakiyaondoi yote, na hakimwokoi mtu ambaye koo limeshaanza kuziba. Kumeza danazoli tatu kwa pamoja usiku huo ni kupoteza muda. Berotralstati vile vile haikuidhinishwa kwa kutibu shambulio lililoanza. Julai 2025 Marekani iliidhinisha kidonge kingine, sebetralstati, kwa kazi hiyo ya dharura, na siku moja huenda tukakiona. Kwa leo, dawa ya dharura inayoweza kupatikana katika hospitali za umma ni plazma iliyogandishwa, kwa kuwa ndani yake mna kizuizi cha C1 cha mtu mzima aliyechangia damu. Mtu mzima kwa kawaida huhitaji paketi 2. Kuna visa vichache ambapo plazma huuchochea uvimbe kabla ya kuutuliza, kwa hiyo itolewe mahali penye mtu anayeweza kuingiza mpira wa hewa kooni, au kutoboa koo ikibidi. Na mpira huo uingizwe mapema. Sauti ikishakwaruza na mate yakishashindwa kumezwa, aliye zamu asingoje daktari bingwa.

Chukua jiografia. Kutoka mjini Taveta hadi Voi ni kilomita 110 hivi, na Mombasa iko kilomita 150 na ushei mbele ya Voi. Upande wa pili, ukishavuka mpaka wa Holili, Moshi iko kilomita 40 hivi tu, na huko ndiko iliko KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa 1971. Watu wa Mata wanalijua hilo tangu zamani. Wana shangazi na wajomba pande zote mbili, na kituo cha pamoja cha mpakani kilichoanza 2016 kimerahisisha kupita. Mipango ya kaunti huchorwa kana kwamba dunia inaishia Holili. Kwa mtu mwenye saa chache za hewa, rufaa iliyoandikwa kwenda Voi inaweza kuwa sahihi kwenye karatasi na mbaya barabarani. Anayevuka ajue atalipa mfukoni, na hospitali mbili zizungumze kabla ya siku hiyo: nani ana plazma kwenye friza, ya kundi gani la damu, na nani anashika simu saa nane za usiku. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina ya dharura na magonjwa sugu. Kabla ya kuidai hazina hiyo kidonge cha milioni 60, ningeidai plazma, kipimo cha C4 na picha ya ini. Wagonjwa wa Kenya waliomo ndani ya HAE International, umoja wa wagonjwa ulioanza 2004, waendelee kudai kidonge kipya. Hiyo ni kazi yao na wanaifanya. Madai haya mawili hayagombani, ila moja linaweza kutekelezwa mwaka huu wa fedha.

Mgonjwa mwenyewe abebe barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, iliyotiwa muhuri: jina la ugonjwa, majibu ya C4, kundi lake la damu, maneno "si aleji", na orodha ya dawa asizopaswa kupewa. Aiweke pale anapoweka kitambulisho. Mume au mke awe na nakala.

Linabaki jino. Kung'oa jino ni miongoni mwa vichokozi vinavyojulikana sana vya uvimbe wa koo, na uvimbe huo unaweza kuja saa nyingi baadaye, mgonjwa akiwa ameshapanda bodaboda na kurudi kwake. Penye kizuizi cha C1, hupewa kabla. Pasipo nacho, miongozo inakubali plazma kabla ya kung'oa, au danazoli siku 5 kabla na siku 2 au 3 baada. Kwa muda mfupi hivyo madhara yake mengi hayapati nafasi ya kuanza, ingawa mjamzito bado hapewi. Kwa hiyo daktari wa meno anayeona barua ile asishike koleo siku hiyo hiyo. Atoe dawa ya maumivu na ya usaha, aandike danazoli, ampangie wiki ijayo asubuhi na mapema, na amlaze wodini usiku wa kwanza, karibu na mtu anayejua kuingiza ule mpira.